Kipande cha Tisa

Taa nyekundu iliwaka. Ya kijani ikakonyeza, ikakonyeza tena, ikazima. Nakijwa akashusha pumzi na kuchomoa kadi.

"Imekufa?" kaka yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Haijafa. Haijazaliwa bado."

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya kibanda cha lango, chumba cha saruji kisichotosha hata kitanda, kilichokaa juu ya ukuta wa ndiva. Ndiva ya Kwamrindi ni bwawa la mawe ambalo wazee wa Upare walilijenga kwa mikono kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na siku hiyo ilikuwa imejaa pomoni. Chini bondeni mahindi yalikuwa yametoa mbelewele na majani yamejikunja kwa kiu. Ukisimama pale kibandani unayaona yote mawili kwa mpigo, maji huku na kiu kule, na katikati yake lango la chuma lisilo na mpini.

Mpini uliondolewa na Mamlaka ya Bonde baada ya ile miaka watu walipokatana mapanga mferejini. Tangu hapo kila lango la mlimani lilifunguliwa na bodi, kijikompyuta cha ukubwa wa kiganja kinachojua zamu ya kila shamba. Kulivunja lango hakusaidii kitu. Ndege za Mamlaka zinatua hujamaliza hata kukung'uta vumbi, na ndiva yote inamwagika kwa mara moja na kuondoka na udongo wa watu. Sasa radi ilikuwa imepiga kibanda. Bodi ilinusurika, lakini kadi yake iliungua, na pamoja nayo mfumo wote ulioiambia bodi kazi yake ni nini.

Elinami, kaka yake, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ndiva, na shamba lake lilikuwa la kwanza chini ya lango. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa, na kusubiri kulimwasha mwili mzima. Nakijwa, kitinda mimba wa nyumba hiyo hiyo, alikuwa fundi wa malango mwenye leseni, wa pekee katika vilima vile. Leseni ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake tangu mumewe aondoke, na ndiyo iliyofanya watu wazima wamwamkie kwa jina la Fundi.

Akaanza upya, kwa utaratibu aliofundishwa. Kwanza umeme. Waya uliokuwepo ulikuwa wa kuchajia simu, mwembamba, unaopeleka umeme kwa kudondosha. Akauweka kando na kuchukua mnene. Taa ikakonyeza, ikazima. Basi kadi. Elinami aliinunua gulioni ikiwa mpya kabisa, na maandishi ya juu yake yalidai ina nafasi ya kuhifadhi maktaba nzima. Nakijwa akaijaza faili za majaribio kisha akazisoma upya. Robo ya kwanza ilirudi salama, zilizobaki zikarudi tupu.

"Umeuziwa maneno, kaka. Juu kubwa, ndani ndogo."

"Yule kijana aliniapia."

"Aliapa juu ya maandishi. Juu ya kadi hakuapa."

Akatoa kwenye pochi kadi yake mwenyewe, aliyoitunza kwa shida kama hii, akaiingiza kwenye kompyuta na kuanza kuflashi tena, yaani kuuandika mfumo juu yake upya. Mstari ukajaa polepole. *Imeandikwa. Imesomwa upya. Sawa.* Elinami akaanza kucheka. Kisha maneno mengine yakajitokeza chini kwa rangi nyekundu: *Namba ya uhakiki hailingani.*

Picha ya mfumo ni faili moja kubwa yenye kila kitu ambacho bodi inahitaji ili iamke. Mamlaka huipigia hesabu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, ikatoka namba moja ndefu. Fundi naye anapiga hesabu ile ile kwenye picha aliyoshusha. Herufi moja ikibadilika, namba yote inageuka. Namba haitaji kosa liko wapi, inasema tu kwamba lipo.

Nakijwa akaichomeka kadi kwenye bodi ya majaribio aliyotembea nayo mkobani. Nyekundu ikawaka. Kijani ikakonyeza, ikatulia, ikabaki inawaka.

"Si hiyo hapo!" Elinami alipiga kofi mlango. "Weka kidole tumalize."

"Namba hailingani."

"Namba ni namba tu, Nakijwa. Mahindi yangu hayasomi namba."

"Kidole changu kinasema picha hii ni ile ile iliyotoka Mamlaka. Mimi sijui kama ni ile ile. Nipe hadi jioni nitafute."

"Na jua?"

"Jua nalo linataka hadi jioni."

* * *

Kosa lilikuwa ndani ya kipande kimoja, hilo alilijua. Picha ile haikushushwa na mtu mmoja.

Zamani anga lilijaa vyombo vya mtandao. Vingi vilikwisha anguka, na milima ile ilibakiwa na kimoja, ambacho watu walikiita Mgeni kwa sababu hakikukaa. Kilipita mara moja kwa wiki, kwa muda wa kuivisha maharage, kikaenda zake. Sahani moja ya mtandao haikuweza kushusha picha nzima kwa muda huo, na ikikatika unaanza mwanzo. Ndipo kamati ikapuliza baragumu na kuita msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya wote. Ukuta wa ndiva ukibomoka, kila kaya inaleta jiwe. Hakuna anayekuuliza jiwe umelitoa wapi. Unaulizwa kwa nini umekuja mikono mitupu. Asiye na jiwe analipa mtungi wa dengelua, ile pombe ya miwa, kisha anaketi pembeni ya mtungi wake huku wengine wakinywa na kumsema. Mtungi si kitu. Kusemwa ndiko kunakouma, na wapo watu Kwamrindi waliosemwa mara moja ujanani na mpaka leo hawapendi kukumbushwa. Basi Mgeni alipopita, kila kaya yenye sahani ilishusha kipande chake, na asubuhi wakapanda ukutani mmoja mmoja, kila mtu na kadi yake mkononi. Hakukosekana hata mmoja. Elinami aliwasifu kwa sauti, na Nakijwa akaviunga vipande.

Sasa akavifungua upya, kimoja kimoja. Ukubwa ulikuwa sawa kwa vyote. Lakini kila kipande huwa na chapa ya toleo mwanzoni, na hiyo ndiyo aliyoifuata. Toleo la saba. La saba. La saba. Alipofika kipande cha tisa akasimama, akasogeza macho karibu na skrini.

Toleo la sita.

Kipande cha tisa kilikuwa jedwali la zamu, lile linaloiambia bodi maji yaanze kwa nani. Lilikuwa la zamani, na Nakijwa alilijua kwa sababu ndilo alilokulia: wakati wa ukame maji yanaanzia mkiani, kwenye shamba la mbali kuliko yote, kisha yanapanda kurudi juu. Akakumbuka maelezo ya toleo la saba. Mamlaka iliyatuma na alikuwa ameyasoma, lakini haraka haraka, kama mtu asomavyo masharti kabla ya kubonyeza *nimekubali*. Akayafungua tena. Katika toleo jipya zamu zitapangwa kwa tija. Mashamba yenye mavuno mengi yatatangulia. Yasiyofikia kiwango yatapewa maji ya ziada, yakiwepo.

Nakijwa aliyajua mashamba yasiyofikia kiwango. Yote yalikuwa mkiani. Akajisikia vibaya, maana alikuwa amebeba jambo hilo mkobani siku zote bila kulitazama.

Kadi ya kipande cha tisa ilikuja imefungwa kwenye kipande cha khanga ya bluu. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Akavaa kofia yake na kuanza kuteremka kando ya mfereji mkavu.

* * *

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Fundi. Karibu ukae. Lango limefunguka?"

Bi Nakiete alikuwa anachambua kunde barazani. Mumewe, marehemu mzee Togolai, alikuwa mgawa maji wa ndiva kabla ya bodi, na bodi zilipokuja yeye ndiye aliyekaa na mafundi wa kwanza akiwatajia zamu, shamba kwa shamba, wakiziandika. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mferejini. Ng'ambo ya ua mahindi yake yalisimama yamejiviringisha, na mengine yameanza kuwa meupe nchani.

Nakijwa alikuwa amejiandaa kuuliza kwa mzunguko. Alipoyaona mahindi yale, mzunguko ukamtoka.

"Bibi, kipande chako ulikishusha kwenye sahani?"

Mikono ya Bi Nakiete ikasimama juu ya kunde.

"Sahani yangu iliangushwa na upepo ule ule wa radi," alisema. "Niliinyanyua, nikaigeuza, nikaizungusha, nayo imenuna tu. Mgeni akapita hivi hivi namwona. Sasa asubuhi baragumu linalia. Nipande ukutani mikono mitupu? Mimi, mke wa Togolai? Huyu mzee alikuwa anawalipisha watu mitungi, mwanangu. Wangenisema mpaka kaburini kwake."

"Ukafanyaje?"

"Aliacha kadi zake kwenye kopo. Nyingi zimekufa. Nikakuta moja imeandikwa kipande cha tisa, ukubwa ni ule ule mliotutajia. Nikasema haya, kipande cha tisa ni kipande cha tisa. Ukutani ukikosa jiwe jipya si unabomoa la uani kwako unaleta? Mbona hatukatai."

Nakijwa alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa havikuweza kutoka vyote kwa pamoja hakikutoka hata kimoja. Akaeleza taratibu. Akaeleza jiwe lile ni la ukuta wa zamani na kwa nini namba inalikataa. Halafu, kwa kuwa hakuona sababu ya kumficha mwenye shamba habari za shamba lake, akaeleza pia lile jipya litafanya nini.

Bi Nakiete alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo kosa langu ndilo linaloninywesha."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi litoe."

"Nikilitoa, tutasubiri Mgeni arudi ndipo tulishushe la kweli. Mahindi hayafiki huko. Na likija la kweli, wewe hupati."

"Nimekusikia, sijazibwa masikio. Litoe. Nitapeleka mtungi wangu, nitakaa, nitasemwa. Lakini sitakunywa maji niliyoyapata kwa kudanganya watu." Akairudisha mikono kwenye kunde. "Hujala. Kaa ule kwanza."

* * *

Alirudi kibandani jasho limemlowesha mgongo. Elinami alikuwa bado yupo, amekaa yeye sasa juu ya ndoo.

Alimweleza kila kitu isipokuwa jina. Akaona uso wa kaka yake ukibadilika.

"Ngoja kwanza," Elinami alisema. "Kwa hiyo likifunguliwa na hicho kipande, maji yananipita?"

"Yanaanzia mkiani. Wewe unapata wa mwisho."

"Aa, hapana. Hiyo si picha halali. Namba hailingani, Nakijwa. Wewe mwenyewe umesema asubuhi."

"Asubuhi ulisema namba ni namba tu."

"Asubuhi sikuwa na habari!" Akasimama, ndoo ikaanguka. "Tungoje Mgeni. Tupate kipande sahihi. Utaratibu ni utaratibu."

"Mahindi je?"

"Ya kwangu yana mizizi mirefu. Yatavumilia." Hakumtazama aliposema hivyo.

Nakijwa akaichomeka kadi kwenye bodi ya lango. Taa ya kijani ikawaka na kubaki. Kwenye skrini ya kompyuta bodi ikauliza swali lake la kwanza, lile ambalo kila bodi huuliza ikiamka: *Namba ya uhakiki inalingana?* Chini yake majibu mawili, na duara la kuwekea kidole.

*Ndiyo* hujibiwa na fundi peke yake. Lango likipewa Ndiyo hufanya kazi moja kwa moja, na halimuulizi mtu tena. *Hapana* inaweza kujibiwa na fundi au mjumbe yeyote wa kamati. Hapana hufungua lango kwa mzunguko mmoja tu wa zamu, hadi Mgeni apite na kupeleka habari. Na aliyeweka kidole anasimamishwa katika kila kitu alichopewa na Mamlaka, leseni au cheo, hadi shauri lake lisikilizwe. Nakijwa alimjua fundi mmoja wa milima ya ng'ambo aliyewahi kujibu Hapana. Shauri lake lilikuwa halijasikilizwa na alikuwa akiuza mkaa.

Akalitazama neno Ndiyo kwa muda mrefu. Hebu fikiria ilivyokuwa rahisi. Kidole kimoja, na Bi Nakiete anakunywa msimu huu na misimu ijayo, na hakuna atakayejua ila yeye, Bibi mwenyewe na kaka yake, na kaka yake hawezi kuthibitisha chochote. Leseni inabaki pochini na binti anabaki shuleni. Uongo wenyewe ulikuwa wa haki kuliko ukweli wa Mamlaka. Aliutamani kwelikweli, hadi kidole gumba kikaanza kumwasha.

Lakini matundu ya kuingizia maji mashambani, yale madogo kando ya mfereji, hayakuwa ya chuma wala ya bodi. Yalizibwa kwa udongo na majani, kwa mkono wa mwenye shamba. Bodi ilifungua lango kuu na kutangaza zamu, basi. Maji yafike mkiani, watu wote wa juu walipaswa kuziba matundu yao kwa hiari na kuyaacha yapite. Angewadanganya, halafu awaombe wazibe? Na siku wakija kujua, wangeamini tena kidole gani?

"Puliza baragumu, kaka," alisema.

"La nini?"

"Nataka watu wote wapande ukutani. Wakinikataza nitawasikia wakinikataza."

* * *

Walipanda, wengine na majembe mabegani wakidhani ukuta umebomoka. Nakijwa alisimama mbele ya kibanda na kuwaambia kwa maneno machache: kipande kimoja ni cha zamani, kinaanzia mkiani. Kile kipya kinaanza na mashamba yenye mavuno, na wa mkiani watapata kitakachobaki. Yeye hatasema namba inalingana, kwa sababu hailingani. Atajibu Hapana, lango lifunguke kwa mzunguko mmoja, na wa juu wazibe matundu yao.

Minong'ono ikaanza. Mtu akauliza kwa sauti ni nani aliyeleta kipande kibovu. Nakijwa akafungua kinywa kusema hilo halina maana, lakini Bi Nakiete alikwisha kusogea mbele, khanga ya bluu imekazwa kiunoni.

"Mimi," alisema. "Sahani iligoma, nikaona aibu. Mtungi nitauleta. Na nimemwambia Fundi akitoe, hataki kunisikia."

Kila aliyekuwa pale aliwahi siku moja kuokota jiwe la uani kwake.

"Wewe unajua Hapana itakugharimu nini?" Elinami alimuuliza dada yake, sauti imeshuka.

"Najua."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakula ninachokula." Nakijwa akaikaza kofia yake kichwani. "Kaka, mimi naogopa. Usinitie hofu nyingine."

Akaingia kibandani, akaweka kidole gumba kwenye duara na kubonyeza Hapana. Skrini ikaandika jina lake lote, na chini yake *Leseni imesimamishwa*. Chini ya miguu yao chuma kikakoroma, na maji yakatoka.

Nakijwa aliteremka nayo, akitembea sambamba na kichwa cha maji, yale maji ya kwanza yanayosukuma majani makavu na povu. Tundu la kwanza lilikuwa la Elinami. Alikuwa amemtangulia, amesimama hapo na jembe, na tundu liko wazi. Nyuma yake mahindi yake mazuri yalikuwa yamekunja majani vile vile kama ya wengine; ile mizizi mirefu ilikuwa maneno tu.

Maji yakafika, yakaanza kuingia kwa Elinami.

"Ulikuwa mkaidi tangu tumboni," Elinami alisema. "Mama alisema." Kisha akachota udongo na kuupiga tunduni kwa mgongo wa jembe, mara tatu, akaukanyaga kwa mguu. Maji yakapita.

Elinami akaendelea nayo hadi mwisho. Alikuwa hajafika mkiani tangu utoto, alipokuwa akitumwa na mama yao kuazima chungu. Alisimama kwenye ukingo wa shamba la Bi Nakiete akiitazama ardhi ikifumbuka na kunyonya, akagusa jani moja jeupe likakatika mkononi. Hakulitupa. Bi Nakiete akaleta baragumu la mumewe na kulipuliza, kama ilivyo desturi maji yanapofika shamba la mwisho, na pumzi yake ilikuwa fupi lakini lilisikika hadi ukutani.

* * *

Mgeni akapita tena. Safari hii kilichotakiwa ni kipande kimoja tu, cha tisa, cha toleo la saba. Kikipatikana, namba italingana, Mamlaka itamtuma fundi wa mbali aweke Ndiyo, na lango halitamsumbua mtu. Kamati ilimpa kazi hiyo Elinami, kwa sababu sahani yake ndiyo kubwa kuliko zote Kwamrindi. Ilikuwa imewekwa juu ya paa la bati jipya, na yeye mwenyewe hakuacha kuisifia.

Asubuhi watu wakapanda ukutani. Nakijwa alikuwa kibandani juu ya ndoo yake. Mtu asiye na leseni hana ruhusa ya kugusa bodi, lakini hakuna aliyekataza kukaa. Nje, Bi Nakiete alikuwa amekaa kando ya mtungi wake wa dengelua kama alivyoahidi, na watu walikunywa, ila waliomsema walisema kidogo. Mzunguko ulikuwa umekwisha. Lango lilikuwa limejifunga, na bodi ilikuwa inauliza tena swali lake.

Elinami alikuja wa mwisho. Alivaa koti lake la vikao. Akapita katikati ya watu hadi mlangoni pa kibanda, akageuka ili wote wamwone, na akafungua viganja vyake viwili. Havikuwa na kitu.

"Sahani imegoma," alisema.

Mtu mmoja akakohoa. Sahani ile ilikuwa inaonekana kutoka pale walipo, imesimama imara juu ya bati, inang'aa.

"Imegoma kabisa," Elinami alisema. "Nimekuja mikono mitupu. Mtungi nitaleta, na mnaotaka kunisema, nisemeni, nipo." Uso ulimwiva, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye kola ya koti. Hakuwahi kulipa mtungi maisha yake yote.

Kisha akainama chini ya kizingiti, akaingia, na kumnyooshea dada yake kidole gumba.

"Hapana iko wapi?" aliuliza. "Nionyeshe, nisije nikakosea."

Nakijwa alimtazama usoni, akaona hatanii. Nje wajumbe wengine wa kamati walikuwa wameacha kunywa, na mmoja wao alikuwa anakifuta kidole chake kwenye suruali. Nakijwa akainuka kwenye ndoo, akampisha kaka yake akae.